Nipe kiatu kwanza, mguu ntauangalia baadaye

Mtu akiingia kwenye chumba changu cha kutibia miguu akakaa tu, kitu cha kwanza anafanya ni kuvua soksi na kuninyooshea mguu, na mi kitu cha kwanza nachofanya ni kuinama nikaokota kiatu chake nikakigeuza soli juu. Wengine wanaona haya kabisa, utasikia "aa daktari hicho kimechakaa usikiangalie", kumbe mi ndo nakitaka hichohicho kilichochakaa, sio kile cha kutokea ulichokivaa leo kwa sababu unakuja kuonwa. Kiatu kipya hakina la kuniambia. Kiatu cha miezi nane kinasema yote na kinasema mapema kuliko mwenyewe, maana mwenyewe ataniambia "nasimama kidogo tu kazini" na soli inaniambia vingine.

Nikupe mfano wa nnavyoangalia. Soli ikiisha kidogo kwenye kisigino upande wa nje hiyo ni kawaida, wengi wetu tukitembea hapo ndo panapogusa chini kwanza, kwa hiyo msije mmejaa hofu eti "nakanyaga upande". Ila kiatu nikikiweka mezani kikawa kinalalia ndani chenyewe, na soli imeliwa upande wa ndani mpaka mbele, hapo nishajua unyayo unaanguka ndani kila hatua. Alafu naingiza mkono ndani napapasa zile alama za vidole. Kama alama ya kidole cha mwisho haiko kwenye soli ya ndani, imepanda kwenye ukuta wa kiatu, basi kiatu ni chembamba, hatuhitaji mjadala. Na ukiona juu ya kidole gumba pameanza kutoboka mara nyingi ni kifupi.

Hapo ndo shida nyingi zinapoanzia, kwenye umbo. Mguu mmoja una mifupa 26 na maungio 33 na kano zaidi ya mia zimeshikilia hivyo vyote, na hivyo vitu vinatakiwa vijongee, unyayo unatanuka kila ukikanyaga. Mwangalie mtoto ambaye hajaanza kuvaa viatu, sehemu pana kuliko zote ya mguu wake iko kwenye vidole. Sasa geuka uangalie viatu vyako vizuri vya kutokea, sehemu pana iko wapi? Iko nyuma ya vidole, alafu mbele panakuja kuchongoka kama penseli. Yaani mtu aliyechora kile kiatu hakuwa na mguu mbele yake. Mwaka 1958 kuna madaktari wawili walilinganisha watu Hong Kong, wanaovaa viatu na wasiovaa kabisa, wakakuta kidole gumba kilichopinda kuelekea wenzake kwa karibu theluthi ya wavaa viatu, na kwa wasiovaa ilikuwa chini ya watu wawili kati ya mia. Sisemi kiatu ndo chanzo pekee, ile nundu inayotoka pembeni ya kidole gumba kikipinda hivyo inarithiwa sana tu, ukiona mama anayo na bibi alikuwa nayo we ujue uko kwenye foleni, ila kiatu chembamba kinakuharakishia.

Na hapa niwe mkweli maana nimechoka kuulizwa kuhusu vile vipande vya plastiki vya kutenganisha vidole vinavyouzwa mtandaoni. Vinaweza kukupunguzia msuguano na maumivu ukivaa, sawa, ila mfupa haurudi ulikotoka. Kinachosaidia ni kiatu kipana mbele, na kama maumivu yanakunyima kutembea hapo tunaongelea upasuaji, tena kwa sababu ya maumivu sio kwa sababu ya picha.

Sasa saizi. Kuna mama mmoja alikuja na sugu nne na kucha imezama kwenye nyama, nikamuuliza mama unavaa namba ngapi, akanijibu kwa haraka "38", nikampima amesimama nikapata 40. Alibisha! Anasema amevaa 38 tangu hajaolewa. Sasa hajaolewa ilikuwa lini, na tangu hapo amezaa watatu na uzito umeongezeka, na mguu wa mtu mzima unaendelea kutanuka na kurefuka kidogo kadiri kano zinavyolegea, ujauzito nao unachangia. Namba ya kiatu sio jina la ukoo useme hulibadilishi. Na wala sio yeye peke yake, kuna tafiti zilikusanywa pamoja 2018 zikaonyesha kati ya asilimia 63 na 72 ya watu waliopimwa walikuwa wamevaa viatu visivyoendana na mguu wao, urefu au upana.

Kwa hiyo fanya hivi nyumbani, chukua karatasi isimamie, mtu mwingine akuchoree mguu kwa kalamu iliyonyooka wima, alafu weka kiatu chako juu ya ule mchoro. Mistari ikitokeza nje ya kiatu pande zote huna haja ya kuja kwangu kuuliza kwa nini vidole vinauma. Ukienda kununua nenda jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo, jaribu miguu yote miwili umesimama, maana karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake na unanunua kwa ule mkubwa, na mbele ya kidole kirefu (sio lazima kiwe gumba) ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono. Na muuzaji akikwambia "kitatanuka tu ukikizoea" mwachie. Kinachozoea hapo ni mguu.

Tuje kwenye kisigino maana hii ndo naiona kila siku iendayo kwa Mungu. Mtu anakwambia asubuhi akishuka kitandani hatua ya kwanza ni kama amekanyaga msumari, akitembeatembea inapungua, mchana yuko sawa, akikaa nusu saa akiinuka inarudi. Ukisikia hivyo wala huhitaji kubahatisha sana. Chini ya unyayo kuna utepe mgumu umetoka kwenye mfupa wa kisigino umeenda mpaka kwenye vidole, ndo unashikilia lile tao la mguu. Ukiuzidishia kazi unachoka pale unapojishika kwenye kisigino, usiku umelala mguu umelegea utepe unajikunja, asubuhi unauvuta ghafla kwa uzito wako wote. Ndo ile msumari.

Watu wengi wanakuja na eksirei mkononi wanasema "daktari nina mwiba wa mfupa kisiginoni utolewe". Tulia kwanza. Huo mwiba wapo wengi wanao na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wapo wanaolia na maumivu na eksirei haina kitu, kwa hiyo mi siutibu mwiba, natibu utepe.

Na ukifuatilia kilichouchosha mara nyingi ni maisha tu. Amebadilisha kazi sasa anasimama masaa nane kwenye sakafu ngumu. Ameongezeka kilo kumi. Au yule mzee aliyestaafu akaamua kuanzia jumatatu atakimbia kilomita tano kila siku, raba zenyewe za miaka sita, zile zinaonekana nzima kwa nje lakini ule mto wa ndani ulishakufa zamani. Raba za kukimbilia tunasema kilomita 500 mpaka 800 hivi basi, hata kama sura yake bado nzuri. Na ukianza zoezi anza kidogokidogo, moyo na mapafu vinazoea haraka kuliko utepe na mifupa, ndo maana mtu pumzi anayo ila mguu unagoma.

Dawa yake sasa haina maajabu na ndo maana watu hawaipendi. Kabla hujashuka kitandani kaa, pitisha taulo chini ya vidole uvute kuja kwako nusu dakika, rudia mara tatu kila mguu. Nyoosha shavu la mguu ukutani mara kadhaa kwa siku, kwa sababu misuli ya nyuma ikikaza inauvuta utepe. Gandisha chupa ya maji ubingirishe unyayo juu yake dakika kumi jioni. Usitembee peku nyumbani kipindi hicho, tafuta kandambili zenye tao na mto. Alafu subira, tunaongea miezi, wengi wanapona ndani ya mwaka bila kuchomwa kitu chochote, ila ukifanya wiki moja ukaacha ukaniambia "haifanyi kazi" mi na wewe tutagombana.

Hapohapo kuna swali la mchuchumio. Siwakatazi dada zangu, najua nikikataza mtaninunia na mtavaa tu. Ila jua kinachotokea, kadiri kisigino kinavyopanda ndo uzito unavyohamia mbele, vinavyobeba ni vile vichwa vya mifupa nyuma ya vidole, ndo unaona sugu pale na saa ingine mshipa wa fahamu unabanwa kati ya kidole cha tatu na cha nne, unahisi kama umekanyaga kijiwe, unavua kiatu unakung'uta, hamna kijiwe. Na ukivaa kila siku kwa miaka misuli ya shavu la mguu inafupika, ile kano ya nyuma inakakamaa, siku ukivaa kiatu flati ndo unaumwa zaidi, unasema "mimi flati zinaniumiza" unarudi kwenye mchuchumio. Mtego huo. Ukitaka kuacha shuka polepole, punguza sentimita mbili kwanza huku unanyoosha misuli. Na flati kabisa kama ndala nyembamba siku nzima nazo sio mkombozi, hazina mshiko, vidole vinafanya kazi ya kung'ang'ania kiatu kisitoke. Mi mwenyewe napenda kiatu chenye kisigino cha sentimita mbili au tatu, kipana mbele, kina kamba, nyuma kigumu. Sura yake sijali.

Ngozi nayo. Sugu ni ngozi inajikinga na msuguano, ukiikwangua bila kuondoa msuguano itarudi, na wembe jamani wembe uacheni, nimeshaona mtu kaanza na sugu akaishia na kidonda cha miezi. Loweka, sugua na jiwe, paka mafuta, badilisha kiatu. Magaga ya kisigino vilevile, krimu yenye yurea inasaidia kuliko mafuta ya kawaida, na viatu vya wazi nyuma vinayaongeza kwa sababu nyama ya kisigino inatanuka pembeni haina wa kuizuia.

Fangasi sasa. Miguu miwili ina matezi ya jasho kama laki mbili na nusu, ukiyafungia kwenye kiatu cha plastiki na soksi ya nailoni kutwa nzima umetengeneza bustani. Inaanzia sana kati ya kidole cha nne na cha tano kwa sababu pamebanana, ngozi inakuwa nyeupe inawasha inabanduka. Krimu zipo na zinafanya kazi, kosa la watu ni kuacha siku muwasho ukiisha, fuata siku zilizoandikwa hata kama pameshapona. Kausha kati ya vidole na uwe na pea mbili za viatu upokezane, kiatu kipumzike siku nzima kikauke. Ikishaingia kwenye kucha ndo kazi, kucha ya kidole gumba cha mguu inachukua mwaka mpaka mwaka na nusu kuota yote upya, kwa hiyo hata dawa ikifanya kazi hutaona kucha nzuri mwezi ujao. Na kata kucha moja kwa moja, usizungushe pembe, hizo pembe ndo zinazozama kwenye nyama.

Sio kila kitu ni kiatu lakini. Kidole gumba kikivimba ghafla usiku kikawa chekundu, cha moto, hata shuka likigusa unapiga kelele, hiyo inaweza kuwa gauti, ugonjwa wa maungio, pombe na nyama nyekundu zinachangia, nenda ukapimwe usihangaike na kubadilisha saizi.

Na wenye kisukari nawaomba msome hapa taratibu, mengine yote niliyosema juu ni usumbufu ila kwenu nyie mguu unaweza kukatwa. Sukari ikikaa juu muda mrefu mishipa ya fahamu inakufa ganzi kuanzia vidoleni, damu nayo haifiki vizuri, na ukivuta sigara ndo inapungua zaidi. Kuna mzee alikuja kuniona kwa ajili ya kucha tu, nikachukua kiatu chake kama kawaida yangu nikakipindua, ikadondoka skrubu. Alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi, chini ya unyayo pameshachimbika na yeye anashangaa kama mimi, "hii imetoka wapi?" Hakuhisi chochote. Kwa hiyo nyie kukosa maumivu msikuite nafuu. Kila jioni angalia nyayo zote, huwezi kuinama tumia kioo kiweke chini au muite mtoto akuangalizie. Kabla ya kuvaa kiatu kikung'ute na upitishe mkono ndani. Maji ya kuoga pima kwa kiwiko sio kwa mguu. Peku hapana hata ndani, zile plasta za kuunguza sugu hapana, na kidonda chochote hata kidogo kama punje usikisikilizie wiki mbili, nenda kesho yake.

Wasio na kisukari wakiniuliza kuhusu kutembea peku, ndio ni vizuri, mguu mzima usio na shida unapata nguvu, ila anza dakika chache, usitoke kwenye raba nene za miaka kumi ukaenda moja kwa moja kukimbia peku kwenye lami.

Ukija kwangu basi njoo na kile cha kila siku. Na usikifute vumbi.