Kitufe cha OK kimezama chini ya skrini

Jumamosi moja, saa mbili na nusu asubuhi, simu iliita kabla sijafungua geti la ofisi. Alikuwa mteja wangu mwenye studio karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Siku za kazi anapiga picha za pasipoti, mwisho wa wiki anafuata harusi na send-off.

"Fundi, OK imezama."

"Imezama wapi?"

"Chini huko. Dirisha la kupunguza ukubwa wa picha linafunguka, naandika vipimo, halafu hakuna pa kubofya. Limekatwa miguu."

Usiku wake kompyuta ilikuwa imejisasisha. Mchana alitakiwa kukabidhi picha za harusi, na jirani yake anayetengeneza simu alishamwambia dawa ni moja tu: kupiga Windows upya. Nikamwambia aandike vipimo vyake kama kawaida, kisha abonyeze Enter. Kimya kidogo, halafu nikamsikia anacheka peke yake.

Kwenye madirisha mengi Enter ndiyo OK, na Esc ndiyo Cancel, hata kama huvioni. Hiyo ni huduma ya kwanza. Ukitaka kukiona kitufe chenyewe, shika Alt na ubonyeze upau mrefu wa nafasi, kisha herufi M, kisha mshale wa kwenda juu. Dirisha litapanda, kichwa chake kitapotea juu ya skrini, na miguu itatokea. Ukilivuta kwa kipanya Windows hukataa kuliachia kichwa kikiwa nje, ndiyo maana watu wanalivuta wee, wanachoka, wanaanza kuilaumu programu. Jina la programu ya huyu bwana silitaji, kwa sababu haikuwa na kosa. Dirisha lake lilikuwa na kimo kilekile cha jana yake.

Kilichobadilika ni hesabu, na hesabu yenyewe haizidi darasa la tano.

Laptopu nyingi za mtumba zinazopita mezani kwangu zina kioo cha pikseli (vile vinukta vya taa vinavyounda picha) 1366 kwa 768, upana kwa kimo. Hiyo ndiyo namba anayotajiwa mteja dukani. Programu haigawiwi zote. Windows huyakuza maandishi na vitufe ili visomeke, na ukuzaji huo huandikwa kwa asilimia: 100, 125, 150, 175 na kuendelea. Ukitaka kujua programu imebakiwa na nafasi kiasi gani, gawanya. Kwa asilimia 125, 768 kwa 1.25 unapata 614. Toa ule upau wa chini wenye saa na ikoni, ambao kwenye Windows 11 unakula 48, unabaki na 566. Sasa chukua dirisha lililochorwa kwa kimo cha 640. Kwenye asilimia 100 lingeenea na kuacha nafasi ya 80. Kwenye 125 linazidi kwa 74, na hizo 74 za chini ndimo walimo OK na Cancel, maana wachoraji wa programu wana desturi ya kuweka vitufe vya kuamua mkiani kabisa.

Watu wenye kioo cha 1920 kwa 1080 hudhani hili haliwahusu. Laptopu ya namna hiyo yenye kioo kidogo mara nyingi hutoka dukani ikiwa kwenye 150, na 1080 kwa 1.5 ni 720, chini hata ya zile 768. Adobe, wenye programu ya picha ya Photoshop, wanaandika kwamba inahitaji angalau 1280 kwa 800, tena kwa ukuzaji wa 100. Kwa hiyo kile kioo cha 768 hakikufaulu tangu siku ya kwanza; kilikuwa kinapita kwa kubebwa. Nasema hivi si kwa kumcheka mtu. Mimi mwenyewe nilianza kazi hii na kioo cha namna hiyo, na nilitengenezea kalenda za wateja kwa miaka.

Sasa, sasisho linaingiaje hapa? Kuna milango kadhaa.

Mlango ninaoukuta mara nyingi ni ule wa mteja wa Msamvu. Windows ina kiwango cha ukuzaji inachokipendekeza kwa kila kioo. Ukiwa umekishusha mwenyewe, sasisho kubwa au draiva mpya (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha inaweza kukirudisha juu bila kukuuliza. Fungua Settings, System, Display, uangalie palipoandikwa "Scale". Kwake ilisoma 125 wakati mwaka mzima alikuwa kwenye 100. Nikamwelekeza kwa simu, akarudisha, nikamwambia atoke kwenye akaunti na kuingia tena, kwa sababu baadhi ya programu huendelea kushikilia kipimo cha zamani mpaka uingie upya. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko salamu zetu.

Mlango wa pili ni draiva kupotea. Hapa kila kitu kinakuwa kikubwa na kikavu, ikoni kama matofali, na kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), mahali pa kadi ya picha, unakuta jina "Microsoft Basic Display Adapter". Hilo ni jina la kaimu. Kaimu anawasha skrini tu, mara nyingi bila kufika kwenye pikseli zote za kioo. Usihangaike na programu ya picha; pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, uiweke, uwashe upya.

Kuna na setingi nyingine ambayo imenitoa jasho zaidi ya mara moja, kwa sababu imejificha upande wa Accessibility: "Text size". Hii inakuza maandishi peke yake, kutoka 100 hadi 225, na baadhi ya programu hulitanua dirisha lifuate maandishi. Mama mmoja mwenye duka la stationari aliniletea kompyuta nikahangaika nayo hadi adhuhuri. Scale ilikuwa 100, draiva nzima, na bado madirisha yalizidi. Nilipokuwa nimekata tamaa akaniambia, "Lakini baba, mjukuu alinikuzia maandishi nilipopoteza miwani." Tangu siku hiyo naanza na swali la miwani.

Mlango wa tatu ndio unaovutia zaidi: programu yenyewe kukua akili. Zamani programu nyingi za picha hazikuujali ukuzaji wa Windows. Photoshop CS6 ya mwaka 2012, ukiifungua kwenye kioo chenye pikseli zilizobanana, menyu zake ni kama sisimizi. Macho yaliumia, lakini madirisha yalienea. Matoleo ya baadaye yalifundishwa kutii ukuzaji, yakatii, na utii huohuo ukaja na ukubwa. Mtu akihama kutoka toleo kuukuu kwenda jipya anadhani jipya limeharibika, kumbe ndilo la kwanza kumsikiliza.

GIMP, programu ya picha ya bure, ina hadithi inayofanana na hiyo. Toleo la 2.10 lilitoka 2018, na la 3.0 likaja Machi 2025. Katikati hapo walibadilisha mifupa: kile kifurushi cha kuchorea vitufe na menyu, GTK, kiliruka kutoka kizazi cha 2 hadi cha 3. (Hiyo G ya mwanzo ni ya GIMP yenyewe, kifurushi kilizaliwa kwa ajili yake, kikakua, kikahama nyumbani, na mwenye nyumba akawa miongoni mwa wa mwisho kukifuata.) GTK3 inaacha nafasi kubwa zaidi kati ya kitufe na kitufe, na hukuza kwa namba nzima tu, mara 1 au mara 2, hakuna moja na robo. Kwenye kioo kidogo nafasi hizo zinajumlika, hasa upande wa kulia ambako watu hurundika paneli juu ya paneli. Kila paneli ina kimo ambacho haikubali kushuka chini yake, na zikipandana, dirisha zima linalazimika kuwa refu kuliko skrini. Ukiona GIMP inagoma kupungua hata ukivuta ukingo, usitafute kosa kwingine. Funga paneli mbili, au zipange kama vichupo mahali pamoja. Kisha nenda Preferences, sehemu ya Theme, upunguze ukubwa wa ikoni.

Na kama dirisha limefunguka mahali pasipo na skrini, kwa mfano ulikuwa umeunganisha projekta kanisani ukaichomoa, kumbukumbu ya mahali lilipokuwa imehifadhiwa kwenye faili liitwalo sessionrc. Si lazima uliguse. Palepale kwenye Preferences, chini ya Window Management, kuna kitufe cha kurudisha nafasi za madirisha kama zilivyokuwa mwanzo. Kwa Photoshop, menyu ya Window ina Workspace, na humo kuna Reset. Ukuzaji wake wenyewe uko Preferences, Interface, "UI Scaling". Ukibadilisha, ifunge na uifungue upya. Camera Raw, lile dirisha la Photoshop la kurekebisha picha ghafi, ikikatwa, herufi F huipeleka skrini nzima.

Wenye Linux wana njia fupi kuliko sote: shika Alt, au Super (kitufe chenye nembo ya Windows) kwa wenye mazingira ya GNOME, kisha buruta dirisha ukilishika popote. Linapanda mpaka nje bila ubishi.

Nimeacha mwisho tiba ambayo naichukia, kwa sababu inafanya kazi. Fundi mwenzangu mmoja alipata laptopu ya 1920 kwa 1080 yenye shida hii, akashusha idadi ya pikseli hadi 1366 kwa 768. Windows ikaacha kukuza, madirisha yakaenea, maandishi yakabaki makubwa, mteja akalipa akaondoka na furaha. Wiki mbili baadaye mteja huyohuyo akaniletea bahasha ya picha za kipaimara. Kila mtoto alikuwa na uzi mweupe kuzunguka nywele na kola, kama amekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Akaniuliza kama printa imekufa.

Printa ilikuwa salama. Kioo cha 1920 kikilazimishwa kuonyesha 1366, kila pikseli moja inatakiwa kutandazwa juu ya moja na sehemu nne za kumi. Haiwezekani kuweka sehemu nne za kumi za taa, basi rangi zinachanganywa kwa jirani, na picha yote inakuwa na ukungu mwembamba. Usipoambiwa, hutausema kuwa ni ukungu. Utaona tu picha zako zimelegea kidogo, na mkono utaenda kwenye kunoa, yaani kuyaongezea makali. Alinoa, akaona bado, akanoa tena. Faili likaenda kwenye karatasi, ambako hapakuwa na ukungu wowote, na makali yote yakajitokeza. Alikuwa ananoa picha kutibu ugonjwa wa kioo.

Tahadhari hiyohiyo naiweka kwenye kile kichupo cha Compatibility unachokipata ukibofya kulia ikoni ya programu na kufungua Properties. Humo, chini ya "Change high DPI settings", unaweza kuamua nani akuze. Ukichagua "Application", Windows inaondoa mkono; programu ya zamani itajichora kwa pikseli halisi, ndogo lakini nzima. Ukichagua "System", Windows inaichora kisha inaivuta kama chapati. Kwenye 125, pikseli 4 za picha yako zinatandazwa juu ya 5 za kioo, na unarudi kulekule kwa watoto wa kipaimara. Hata ile "Enhanced" hunoa maandishi, picha inabaki kuvutwa. Kwa programu ya hesabu za duka, weka utakalo. Kwa programu ya picha, mimi siweki System.

Yule wa kipaimara nilimrudishia kioo kwenye 1920, nikaweka ukuzaji 125, na upau wa chini nikauficha ujitokeze pale tu kipanya kinapoufuata. 1080 kwa 1.25 ni 864, na hakuna kinachotolewa. Alilalamika kwamba maandishi yamekuwa madogo. Ni kweli, yamekuwa madogo. Nikamsogezea kiti.

Na yule wa Msamvu alipiga tena mwezi uliofuata, Jumapili, saa ambayo simu ya mteja huwa ni ya shari. Nikapokea nikiwa nimeshajiandaa.

"Fundi, imejisasisha tena usiku. Ilirudi 125, nimeshaishusha. Nimepiga kukusalimia tu."