Majaji wa kupigiwa kura: haya, na kampeni analipia nani?

Juzi tena kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kuna ndugu kaandika kwamba mahakama zetu zitapona siku tukianza kuchagua majaji kwa kura "kama Marekani", watu wakamjazia vidole gumba. Mimi ni wakili hapa Dar, hili nimeshalijibu kwenye daladala, msibani, kwenye benchi pale Kisutu nikisubiri kesi iitwe, na nimechoka kwa kweli. Naandika leo ili next time niwe natuma linki tu.

La haraka kwanza. Majaji wa shirikisho kule, wakiwemo wale 9 wa Mahakama ya Juu, hawachaguliwi na mwananchi. Rais anateua, Seneti inathibitisha, basi. Kura ziko kwenye mahakama za majimbo, na sio majimbo yote, na utaratibu haufanani: kwingine wanasimama kwa tiketi ya chama, kwingine bila chama, kwingine jaji anateuliwa halafu baadaye wananchi wanaulizwa abaki au aondoke. Hilo tuliache.

Kinachonikera ni kwamba ukimwambia mtu hela zinaharibu chaguzi hizo, anawaza bahasha. Anakwambia "si TAKUKURU wakamate tu?" Hapana jamani, tatizo lenyewe liko ndani ya sheria!

Chukua jimbo la West Virginia. Hugh Caperton, mwenye kampuni ndogo ya makaa ya mawe, aliishitaki kampuni kubwa ya Massey, na mwaka 2002 baraza la wananchi lililosikiliza kesi likampa fidia ya dola milioni 50. Massey wakawa wanakwenda rufaa. Sasa kabla rufaa haijafika, mwaka 2004 ukaja uchaguzi wa kiti kimoja kwenye mahakama ileile itakayoisikiliza, mahakama yenye majaji 5. Kikomo cha kumchangia mgombea kilikuwa dola 1,000, na bosi wa Massey, Don Blankenship, akampa mgombea Brent Benjamin hizo 1,000, hakuzidisha hata senti. Halafu pembeni akamwaga kama dola milioni 3, karibu milioni 2.5 zikaenda kwenye kikundi kilichojiita cha kutetea watoto, zilizobaki akalipia matangazo na barua mwenyewe. Hela hiyo ilizidi ya waungaji mkono wengine wote wa Benjamin ukiwajumlisha.

Na matangazo yalisema nini? Makaa ya mawe hayamo, mkataba haumo, fidia haimo. Yalisema jaji aliyekuwa anatetea kiti, Warren McGraw, kamwachia mtu aliyedhalilisha watoto. Hapa naomba msome taratibu kwasababu ndo kiini chenyewe: anayetoa hela ana kesi ya madai, lakini mpiga kura anatishwa na jinai, kwahiyo mama aliyeenda kupiga kura kwa hofu ya mwanae hajui kabisa kwamba ameingizwa kwenye ugomvi wa mabosi wa makaa.

Benjamin akashinda. Rufaa ilipofika akaombwa ajitoe, yaani asiisikilize kesi hiyo, akakataa, na mwaka 2007 milioni 50 zikafutwa kwa majaji 3 dhidi ya 2, yeye akiwa kwenye wale 3. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, 5 kwa 4, kwamba alipaswa kujitoa. Hakuna aliyethibitisha kwamba alihongwa, na mahakama haikuhitaji hilo, hatari ya upendeleo ilitosha.

Sasa wengi wanaishia hapo kwasababu inapendeza. Kesi ilirudi West Virginia, ikasikilizwa bila Benjamin, na Caperton akashindwa tena mwaka huohuo. Hili linanisumbua mpaka leo. Je, hela inambadilisha jaji, au inamtafuta mtu ambaye tayari anawaza hivyo na kumpandisha tu? Nimesoma hukumu zote mbili na bado sijatulia upande mmoja, naegemea la pili, na kama ni hivyo basi kujitoa kwenye kesi moja hakutibu kitu.

Halafu kuna mshitakiwa wa kawaida, ambaye hana hela wala kikundi. Watafiti waliochambua hukumu za Pennsylvania walikuta vifungo vinarefuka kadiri uchaguzi wa jaji unavyokaribia. Fikiria kijana wako kasimama kizimbani mwezi wa kampeni.

Mtu ataniambia mbona jimbo la Wisconsin 2025, kwenye uchaguzi wa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo, Elon Musk na vikundi vyake walitoa zaidi ya dola milioni 20 na mgombea wao akapigwa na Susan Crawford? Kweli, ila kiti kile kimoja kilikula karibu dola milioni 100 kwa pande zote, mshindi naye alibebwa na mamilioni. Na ukizuia hela siasa inabaki. Mexico walichagua majaji Juni 2025, hela za kampeni za serikali na za wafadhili zikapigwa marufuku, wakajitokeza kama asilimia 13 ya wapiga kura, na mitaani vikagawiwa vikaratasi vyenye majina ya kupigia.

Sisemi kwetu kuko safi. Rais anateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ibara ya 109, na anayesema humo siasa haiwezi kuingia simuungi mkono. Kenya wanawasaili wagombea hadharani kwenye tivii, hilo nalitamani sana, ila hata kule Uhuru Kenyatta aliapisha majaji 34 mwaka 2021 akawaacha 6 kwenye orodha ileile ya waliopendekezwa, wakaja kuapishwa 2022 chini ya Ruto.

Kama ni kubishana tubishane kuhusu kujitoa. Kwetu, kama West Virginia ya Benjamin, ukimuomba jaji ajitoe, ombi linakwenda kwa jaji huyohuyo na analiamua mwenyewe. Nataka liamuliwe na mwenzake, na sababu ziandikwe. Mnaopinga, nasubiri hoja zenu.