Deming hakusema hivyo

Nikiitwa kufundisha mameneja, asubuhi ya kwanza haipiti kabla mtu hajanyoosha mkono: "Lakini mwalimu, si Deming mwenyewe alisema kisichopimika hakisimamiki?" Sentensi hiyo imebandikwa kwenye kuta za ofisi, iko kwenye slaidi za washauri wenzangu, na imepenya hadi kwenye mipango mkakati. Nimeichoka.

W. Edwards Deming, mtakwimu wa Kimarekani aliyefariki Desemba 1993, alisema kinyume chake, tena kwa maandishi. Katika The New Economics aliandika kwamba ni makosa kudhani kuwa usichoweza kukipima huwezi kukisimamia, na kwamba uzushi huo una gharama kubwa. Walionukuu walikata mwanzo na mwisho wa sentensi, wakaondoka na kipande cha katikati.

Wala hakuwa adui wa tarakimu. Alipata shahada ya uzamivu Yale mwaka 1928 na baadaye akafanya kazi katika ofisi ya sensa ya Marekani. Aliwaonya mabosi kwa sababu alijua tarakimu zinaishia wapi. Kuendesha kampuni kwa kutazama namba zinazoonekana tu alikuhesabu miongoni mwa magonjwa yanayoua kampuni, na alipenda kurudia kauli ya mwenzake Lloyd Nelson kwamba takwimu muhimu zaidi kwa meneja hazijulikani, wala hazitajulikana. Mteja aliyefurahi atakuletea wateja wangapi? Fundi mzoefu aliyekata tamaa anakutia hasara kiasi gani? Mhasibu hana safu ya kuyaandika hayo, lakini unatakiwa uyasimamie hivyohivyo.

Kituo kimoja cha huduma kwa wateja nilichokishauri kiliwapima wapokea simu kwa idadi ya simu kwa saa. Wakajifunza haraka: tatizo likiwa gumu, kata. Mteja anapiga tena, inahesabiwa simu ya pili, anapiga ya tatu. Ripoti ya mwezi ikapendeza, bonasi zikatoka, na wateja wakahama. Ukutani, juu ya meza ya msimamizi, nukuu ya "Deming" kwenye fremu.

Na pale unapopima, soma vizuri ulichokipata. Kwenye semina zake Deming alikuwa na mchezo wa shanga: 4,000 kwenye chombo kimoja, 800 kati yake nyekundu, na kibao chenye matundu 50. Washiriki wanaoitwa "wafanyakazi" wanachovya kibao bila kuchagua, na kila shanga nyekundu inahesabiwa kuwa kasoro. Huyu anatoka na 6, yule na 14. Deming, akijifanya msimamizi, anamsifu wa kwanza na kumkaripia wa pili, na duru inayofuata mambo yanageuka. Ukumbi unacheka, halafu Jumatatu watu haohao wanarudi kazini kumpa tuzo mwenye 6. Ushauri wangu, ambao wateja wangu wameusikia hadi kero: kabla ya kuandika barua ya onyo, chora kwa mkono grafu ya wiki 20 zilizopita. Kama mstari unapanda na kushuka ndani ya mipaka ileile, tatizo liko kwenye chombo cha shanga, na aliyekijaza ni wewe.

Mengine anayosingiziwa Deming nayapitia upesi.

Eti PDCA, mzunguko wa kuboresha kazi (panga, tenda, kagua, chukua hatua), ni gurudumu lake. Yeye aliliita la Walter Shewhart, mtakwimu aliyemtangulia, na katika barua ya mwaka 1990 kwa Ronald Moen alisisitiza liitwe PDSA, S ya "study" (jifunze) badala ya C ya "check" (kagua): baada ya kujaribu jambo, jifunze kutokana na matokeo, usiishie kukagua.

Eti tathmini ya mwaka ya wafanyakazi na malengo ya namba yana baraka zake. Katika pointi zake 14 kwa mameneja alitaka vyote viwili vifutwe. Unaweza kumpinga, wengi wanampinga, ila usimtumie kama shahidi wako.

Eti TQM, yaani usimamizi jumuishi wa ubora, ni yake. Jina hilo hakulitumia. Hospitali zetu zinaifahamu programu ya kuboresha huduma ya 5S-KAIZEN-TQM tangu ilipoanzia Mbeya mwaka 2007, na kazi nzuri imefanyika, lakini jina si la Deming.

Eti aliijenga Japani peke yake. Alifika 1947 kwa shughuli za sensa. Mwaka 1950 aliitwa na JUSE, muungano wa wanasayansi na wahandisi wa Kijapani, na kazi za Shewhart zilikuwa zimeshamtangulia huko. Joseph Juran, mtaalamu mwingine wa ubora kutoka Marekani, alifika 1954. Hata Tuzo ya Deming si yeye aliyeianzisha: alikataa malipo ya chapisho la mihadhara yake, na fedha hizo JUSE ikazitumia kuanzisha tuzo mwaka 1951.

Eti ubora ni kazi ya kitengo cha ubora. Nyaraka zake zimehifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, lakini kwa hili huhitaji kusafiri. Hotuba yake ya 1950 inasambaa bure mtandaoni. Aliitoa mbele ya wakuu wa kampuni za Kijapani, kwa sababu wao ndio wenye mamlaka ya kubadili mfumo. Mkurugenzi akiniambia ana kikao, atamtuma ofisa ubora semina kwa niaba yake, huwa naahirisha semina.