Je, wajua? Kovu la shingoni linaweza kueleza kuanguka

Mtu akianguka barabarani Ngamiani, mjini Tanga, akakakamaa na kutoa povu, kabla hajazinduka majirani washampa jina: kifafa, au kapandisha mashetani. Wachache watauliza kama aliwahi kukatwa rovu.

Nyuma ya tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba ndiyo rovu au goita, zimejibana tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kiasi cha punje ya mchele. Zinaitwa paratairoidi. Homoni yake huichunga kalsiamu ya damu isishuke: huikopa mifupani, iliko asilimia 99 ya kalsiamu yote mwilini, na huzuia figo zisiimwage kwenye mkojo. Daktari akiondoa rovu, vipunje hivi huweza kutolewa nalo bila kukusudia, au vikakosa damu. Vilivyobaki mara nyingi hupata nguvu tena baada ya wiki kadhaa. Vingine haviamki tena.

Sasa kalsiamu, tuliyoizoea kwa mifupa na meno, inahusianaje na ubongo? Neva huwaka pale sodiamu inapoingia ndani yake kupitia vijilango, na kalsiamu ndiyo bawabu wa milango hiyo. Bawabu akiadimika, mlango hufunguka kwa kuguswa kidogo tu. Ndiyo maana huanza mchonyoto kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, kisha misuli hukaza, mkono ukajikunja na vidole vikakusanyika kama vya mkunga anayezalisha. Ikizidi kushuka, ubongo nao huwaka ovyo, na mtu anaanguka.

Wengine huanguka miaka mingi baada ya upasuaji, kwa hiyo hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Hupewa fenobabito au fenitoini, dawa za kifafa ambazo kwa bahati mbaya huimaliza upesi vitamini D mwilini, na kalsiamu ikashuka zaidi. Tiba yenyewe ni kalsiamu, kwa sindano ya mshipani pale hali inapokuwa mbaya, kisha vidonge pamoja na vitamini D. (Asiache dawa za kifafa kwa kusoma hapa, hilo ni la daktari.)

Kinachohitajika kwanza ni kipimo cha damu cha kalsiamu, na cha magnesiamu pia, maana nayo ikipungua paratairoidi hulala. Tatizo ni kwamba rovu huwapata zaidi wanawake, na mwanamke wa Tanga aliyejitanda ushungi hospitalini, kovu lake halionekani. Amwambie daktari mwenyewe, au dada aliyemsindikiza aseme.