Usawazishaji wa vipimo vya ikolojia ya pwani: je, "nzuri" ya nchi hii ni "nzuri" ya jirani?

Ramani za hali ya maji ya pwani barani Ulaya hutumia rangi tano: buluu ni hali bora kabisa, kijani ni nzuri, njano ni wastani, chungwa ni duni, nyekundu ni mbaya. Sasa rangi ikibadilika hapohapo kwenye mpaka wa nchi mbili, kilichobadilika ni maji au ni mpimaji? Swali hilo ndilo lililozaa usawazishaji wa vipimo, yaani kazi ya kuhakikisha kwamba nchi zinazotumia mbinu tofauti zinapoita maji "mazuri" zinamaanisha kiwango kilekile cha afya ya bahari.

Chimbuko lake ni sheria ya maji ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000, namba 2000/60/EC. Ilizitaka nchi wanachama zifikishe maji yake kwenye hali nzuri ifikapo 2015, na muda ukaweza kusogezwa hadi 2027. Kwa pwani, hali ya ikolojia hupimwa hadi maili moja ya baharini kutoka mstari wa msingi, yaani mstari wa pwani ambako nchi huanzia kupima bahari yake, na mashahidi wakuu ni viumbe: planktoni za mimea (vimea vidogo sana vinavyoelea majini), mwani pamoja na nyasi bahari, na wanyama wasio na uti wa mgongo wanaoishi kwenye sakafu ya bahari.

Sheria haikulazimisha mbinu moja kwa wote, na nadhani ilifanya vizuri. Kila nchi ilikuwa na data zake za miaka mingi ambazo isingekubali kuzitupa. Isitoshe, bahari zenyewe hazifanani. Maji ya Atlantiki yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kilo, ilhali kaskazini kabisa mwa Bahari ya Baltiki hayafikii hata gramu 5. Huko spishi ni chache kwa asili tu, si kwa sababu ya uchafu. Ndiyo maana matokeo hutolewa kama uwiano wa kati ya 0 na 1: kilichopatikana kikilinganishwa na ambacho kingekuwepo pasipo bughudha ya binadamu. Lakini hali hiyo ya marejeo huipati kirahisi. Pwani isiyoguswa ni adimu Ulaya, kwa hiyo wataalamu hutegemea rekodi za zamani, modeli za kompyuta na uamuzi wao wenyewe. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiungo dhaifu kuliko vyote, maana aliyeanza kuweka rekodi baada ya bahari kuchafuka anaweza kuuona uchafu kama hali ya kawaida.

Tuone tofauti inavyojitokeza. AMBI, mbinu iliyoasisiwa na watafiti wa Hispania, hugawa wanyama wa sakafuni katika makundi matano, kuanzia wasiostahimili uchafu hata kidogo hadi wanaostawi humo, kama mnyoo Capitella capitata. Kila kundi lina uzito wake: 0, 1.5, 3, 4.5 na 6. Uzito huzidishwa kwa sehemu ya kila kundi, kisha hujumlishwa; jumla ikiwa ndogo, hali ni njema. BENTIX, mbinu ya Ugiriki, hurahisisha mambo: wanaodhurika upesi na wasiojali hupewa uzito wa 6, wengine wote wanaovumilia uchafu hupewa 2, na hapa jumla kubwa ndiyo njema.

Chukua sampuli moja ya mchanga ya kubuni: asilimia 20 ya wanyama ni wa kundi la kwanza la AMBI, 10 la pili, 60 la tatu, 10 la nne. Kwa alama ghafi, kabla ya kugeuzwa kuwa uwiano wa 0 hadi 1, AMBI inatoa 2.4, chini ya 3.3, kwa hiyo hali ni nzuri. BENTIX, tukichukulia makundi mawili ya kwanza kuwa ndiyo yenye uzito wa 6, inatoa 3.2, chini ya 3.5 inayohitajika, kwa hiyo ni wastani. Mchanga ni uleule, minyoo ni ileile. Na mpaka kati ya nzuri na wastani si jambo la kitabuni: ukiwa chini yake, nchi inatakiwa kuchukua hatua, pengine kujenga mitambo ya majitaka au kubana matumizi ya mbolea.

Usawazishaji hushughulikia mipaka miwili tu: bora na nzuri, kisha nzuri na wastani. Kazi huratibiwa na Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Tume ya Ulaya, na nchi hukaa katika makundi ya kijiografia: Baltiki, Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki, Mediterania na Bahari Nyeusi. Norwei, ingawa si mwanachama wa Umoja, inashiriki. Zikiweza, nchi hupima data za pamoja kila moja kwa mbinu yake. Zisipoweza, hutumia kipimo cha kati kama mkalimani. Mpaka wa madaraja uliowekwa na nchi ukilegea kupita robo ya daraja ukilinganishwa na wastani wa wenzake, inatakiwa kuupandisha. Aliyekaza zaidi halazimiki kulegeza.

Usishangae basi kuona tarakimu zisizolingana kwenye maamuzi ya Tume, ambayo yamekuwa yakitolewa tangu 2008. Kwa mwani wa miamba ya Mediterania, mbinu ya CARLIT ya Hispania, Ufaransa na Italia, ambayo wapimaji wake hupita na boti ndogo kandokando ya mwamba wakiandika jamii za mwani wanazoziona, ina mpaka wa nzuri na wastani kwenye uwiano wa 0.60. EEI-c, mbinu ya Ugiriki, ina 0.48. Ugiriki haijajipendelea hapo; ni rula mbili zenye alama tofauti.

Bado si kila kitu kimesawazishwa. Daraja la jumla huamuliwa na kiumbe aliye katika hali mbaya kuliko wote, kwa hiyo nchi inayopima vitu vingi ina nafasi kubwa zaidi ya kushuka daraja kuliko inayopima viwili. Tena viwango vya naitrojeni na fosforasi, virutubisho vinavyochochea mwani kufurika, havikuingizwa katika zoezi hili. Kila nchi ilijiwekea vyake, na hata katika bahari moja vinatofautiana sana.