Programu huria serikalini si programu ya bure

Kila unapofika msimu wa kuandaa bajeti za halmashauri, husikia kauli ile ile kutoka kwa watu tofauti: "Kwa kuwa mfumo huu ni huria, hautatugharimu kitu." Nimeisikia kwa maofisa mipango, nimeisikia kwa waweka hazina na, jambo linaloniumiza zaidi, nimeisikia kwa maofisa TEHAMA wenzangu ambao leseni za programu huria walizisoma darasani. Kwa kuwa kazi yangu ni kufunga na kuhudumia mifumo hiyo, mimi ndiye ninayeitwa inapokwama, na mara nyingi chanzo cha kukwama huwa ni kauli hiyo hiyo.

Waingereza hutumia neno moja, "free", kwa uhuru na kwa kitu kisicholipiwa, kwa hiyo wana sababu ya kuchanganyikiwa; sisi tuna maneno mawili, na bado tunachanganya. Anayekwenda katika soko huria hategemei kubeba nyanya bila kulipa. Neno "huria" katika programu linataja haki: haki ya kuitumia, kuusoma msimbo chanzo wake (maandishi ya programu kama waundaji walivyoyaandika), kuubadilisha na kuwagawia wengine, na bei haimo katika haki hizo. Kinachoondoka ni ada ya leseni. Seva, umeme, intaneti, mafunzo ya watumishi, nakala rudufu na mshahara wa mtu anayesasisha mfumo vinabaki palepale, kama ambavyo vingebaki kwa programu ya kununua.

Katika halmashauri moja tuliweka mfumo wa kupokea kero za wananchi kwa ujumbe mfupi wa simu: maji, taka, barabara na taa. Nilipoipata rasimu ya bajeti ya mwaka uliofuata, kifungu cha matengenezo kilikuwa kimekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake pameandikwa "huria, haihitajiki". Niliandika barua ya kupinga, nayo haikujibiwa. Mwaka wa pili ukiwa katikati, mfumo ulisimama. Niliikuta seva chini ya meza katika chumba cha masjala, imeegemewa na majalada, vumbi limeziba matundu ya hewa na diski imejaa kumbukumbu za mfumo ambazo hakuna aliyepangiwa kuzifuta. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa katika flashi ya kijana wa mafunzo kwa vitendo ambaye alikwisha kurudi chuoni. Kwa siku kumi na moja watu walikuwa wametuma ujumbe bila kupata jibu. Mwananchi aliyeripoti bomba lililopasuka mbele ya nyumba yake hakuwa na habari za diski. Alichokijua ni kwamba amepuuzwa. Kuirudisha seva kulichukua siku moja, lakini miezi mitatu baadaye idadi ya ujumbe uliokuwa ukiingia kwa wiki ilikuwa bado haijafika nusu ya ile ya awali.

Tazama upande wa pili. Mwaka 2011 Kenya iliingiza taarifa za kawaida za vituo vya afya nchi nzima katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na inayopakuliwa bila malipo. Tanzania nayo inaitumia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na wataalamu wake kwa miaka mingi. Kupakua programu hiyo ni kazi ya dakika chache. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwafundisha maofisa kumbukumbu za afya wilaya kwa wilaya, kupata seva ya uhakika na kuwa na watu wa karibu wanaoufahamu mfumo. Ndiyo maana ushauri wangu haubadiliki: fedha iliyookolewa katika ada ya leseni isirudi hazina, iajiri mtu.

Dhana ya pili ni kwamba msimbo ukiwa wazi, taarifa za wananchi nazo zitakuwa wazi. Msimbo, yaani maelekezo ya programu, na hifadhidata, yaani ghala la taarifa zenyewe, ni vitu viwili. Tangu mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, alieleza kwamba mfumo mzuri wa siri hubaki salama hata adui akiujua wote, ilimradi ufunguo hana. Estonia imekuwa ikiunganisha hifadhidata zake za serikali kwa X-Road, mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya taasisi, tangu mwaka 2001, na mwaka 2016 msimbo wake uliwekwa hadharani bila rekodi za raia kumwagika. Hitilafu zipo, wala sizifichi: ile ya Heartbleed katika OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, iliyotangazwa Aprili 2014, ilikuwa mbaya sana, lakini toleo lililorekebishwa lilitoka siku ile ile. Walioendelea kuwa hatarini ni wale ambao hawakusasisha, na hapo tunarudi kwenye kile kifungu kilichokatwa.

Wengine husema programu hizi hazina mwenyewe wa kuwajibika. Anayewajibika ni yule uliyesaini naye mkataba wa huduma. Akishindwa, unampa mwingine, kwa sababu msimbo unao mkononi.

Iliyobaki ni imani kwamba jukwaa likishawekwa, wananchi watakuja wenyewe. Barcelona ilipoanza kutumia Decidim, jukwaa huria la kukusanya maoni ya wananchi, mwaka 2016 kupanga shughuli za jiji, ilipokea mapendekezo zaidi ya 10,000, lakini sehemu kubwa ilitokana na mikutano ya ana kwa ana, kisha yakaingizwa katika mfumo. Hapa nyumbani, mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani kwa miguu, wakiandamana na wakazi, kuchora mitaro na njia za maji ya mafuriko katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Mkazi wa bondeni anajua maji ya masika huingia kwa mlango upi, na picha ya setilaiti haimwonyeshi mtu jambo hilo.

Siku hizi, kabla sijasaini kazi yoyote ya halmashauri, hudai mambo matatu yaandikwe katika mkataba: msimbo na nywila za seva viwe mikononi mwa halmashauri, kila robo mwaka nakala rudufu irejeshwe katika mashine nyingine mbele ya mkurugenzi au mwakilishi wake, na jina la anayejibu kero za siku hiyo libandikwe kwenye ubao wa matangazo, pale wananchi wanapoliona.