Shimo jeusi la katikati ya galaksi ni kitu gani hasa

Neno "shimo" ndo linaanza kuwapoteza watu. Ukisikia shimo unawaza tundu, mahali patupu, kumbe hiki kitu kimejaa, maada nyingi sana imebanwa sehemu ndogo mpaka mvutano wake unakuwa mkali kiasi kwamba kuna mpaka ukishauvuka hamna kurudi, hata mwanga wenyewe unaokimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde hautoki. Huo mpaka ndo tunaoupima tunaposema shimo jeusi lina ukubwa fulani. Hauna ukuta wala ganda.

Madogo yanatokana na nyota kubwa zilizokufa na hayo siyazungumzii leo. Nazungumzia yale makubwa mno, yenye uzito wa Jua mara malaki, mara mamilioni, mengine mara mabilioni, na karibu kila galaksi kubwa (yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota) iliyochunguzwa vizuri imekutwa nalo katikati.

La galaksi yetu ya Njia Nyeupe linaitwa Sagittarius A*, liko umbali wa miaka ya nuru kama 27,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mmoja) upande wa kundinyota la Mshale, na uzito wake ni wa Jua mara milioni 4 na ushee. Hesabu yake rahisi tu: kwa kila uzito wa Jua moja, shimo jeusi linapata kilomita 3 hivi kutoka katikati hadi kwenye mpaka, kwa hiyo letu linafika kilomita milioni 12 au 13. Sayari ya Utaridi iko wastani wa kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua. Yaani ungeliweka pale Jua lilipo, mpaka wake usingefika hata robo ya njia kuelekea Utaridi, na humo ndani kuna majua milioni 4!

Sasa kama halionekani tulijuaje? Sehemu hii naipenda kuliko zote. Vumbi lililoko njiani linazuia mwanga wa kawaida ila mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, unapenya, basi kuanzia miaka ya 1990 timu mbili za wanaastronomia, ya Reinhard Genzel ikitumia darubini za Chile na ya Andrea Ghez ikitumia zile za Keck kule Hawaii, zikawa zinapiga picha eneo lile lile mwaka baada ya mwaka, zinaweka alama kila nyota imehamia wapi. Moja, S2, ikaonekana inazunguka mahali ambapo hapana kitu, mzunguko mmoja miaka 16 hivi. Mei 2018 ilipita karibu kabisa, chini ya kilomita bilioni 20, ikikimbia zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Hebu fikiria, nyota nzima inakatishwa kona kwa mwendo ule na pale inapozunguka ni giza. Ukishajua upana wa njia yake na muda wa mzunguko unapata uzito wa kinachozungukwa, hesabu ni ile ile ya sayari na Jua, na jibu likaja milioni 4. Genzel na Ghez walipata Nobeli ya fizikia mwaka 2020 pamoja na mwanahisabati Roger Penrose.

Na hapo hapo S2 inatutolea ule uongo kwamba shimo jeusi linafyonza kila kitu. Ilipita, ikageuka, ikaenda zake. Ukiwa mbali mvutano wa shimo jeusi ni sawa na wa kitu kingine chochote chenye uzito ule, Jua lingegeuka leo kuwa shimo jeusi lenye uzito ule ule Dunia ingeendelea kuzunguka kama kawaida, tungeganda kwa baridi lakini tusingevutwa. Wala galaksi haishikiliwi na shimo lake, majua milioni 4 ni chembe tu mbele ya uzito wa galaksi nzima.

Kinacholiwa ni kile kinachofika karibu mno, hasa gesi. Gesi haidondoki moja kwa moja, inazunguka kama maji kwenye sinki, inasuguana yenyewe kwa yenyewe, inapata joto kali ajabu, inawaka. Ndo maana shimo jeusi linaloshiba sana linaweza kung'aa kupita nyota zote za galaksi yake, hizo ndo kwasa, na mwanaastronomia Maarten Schmidt alipopima umbali wa kwasa moja, 3C 273, mwaka 1963 watu walishangaa kitu cha mbali vile kinaonekanaje. Letu sasa hivi linakula kidogo sana, limetulia.

Ile picha ya kwanza ya shimo jeusi, ya duara la moto, iliyotoka Aprili 2019 ni ya galaksi nyingine, M87, miaka ya nuru kama milioni 55 kutoka hapa, uzito wa Jua mara bilioni 6.5. Hilo kutoka katikati hadi mpaka wake ni kilomita kama bilioni 19, yaani letu lingekuwa kubwa hivyo S2 ingekuwa imeshapita mlangoni. Darubini za redio sehemu mbalimbali za dunia ziliangalia kwa pamoja, data ikawa nyingi mno kutuma kwa intaneti, hadi disku zikasafirishwa kwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zikangoja baridi ipite. Lile giza la katikati ni kivuli, kinachowaka ni gesi iliyo nje ya mpaka.

La kwetu lilikuwa gumu zaidi ingawa liko karibu, kwa sababu ni dogo na gesi yake inalizunguka kwa dakika kadhaa tu, wakati ya M87 inachukua siku hadi wiki, ni kama kumpiga picha mtoto asiyetulia. Picha yake ikatoka Mei 2022.